Mashine Iliyokataa Kuugua Mbele ya Fundi

Ukienda kununua mashine ya boti iliyokwisha kutumika, iguse kwanza kabla hujamsalimia muuzaji. Najua si adabu. Weka kiganja juu ya kichwa cha mashine, halafu ndipo uulize habari za nyumbani. Ikiwa baridi, mnaanza mkiwa sawa. Ikiwa moto, ujue mwenyewe amevuta kamba tangu alfajiri mpaka ikamhurumia, na wewe umeitwa kutazama mwisho wa mchezo. Mashine iliyochoka huonyesha uchovu wake ikiwa baridi. Mwambie muuzaji huna haraka, utakunywa chai mpaka ipoe. Akikumbuka ghafla kwamba ana mazishi, mpe pole na urudi kwako.

Kisha tazama vichwa vya bolti. Vikiwa na makovu mapya, mashine imefunguliwa karibuni. Hilo si kosa, lakini uliza ilifunguliwa kwa nini, na upime urefu wa jibu. Jibu fupi ni zuri. Legeza skurubu ya chini kwenye sanduku la gia, oili idondoke kidogo kidoleni. Ikiwa nyeupe kama uji wa mtoto, maji yamepita mahali yasipotakiwa. Toa plagi: rangi ya biskuti ni njema, nyeusi na yenye kulowa, mashine inakunywa mafuta kuliko inavyoweza kuyachoma. Mwisho, ikishawaka, angalia nyuma yake. Lazima itoe uzi wa maji, ndiyo dalili kwamba inajipoza. Sisi tuliuita mkojo wa mashine, na daktari yeyote atawaambia kwamba mgonjwa asiyekojoa hapelekwi safari. Hapa kwetu mara nyingi ni gugu la ziwa limeziba tundu la kuvutia maji. Lichomoe kwa mkono kabla hujamwita fundi, maana fundi naye atalichomoa kwa mkono, kisha atakuandikia risiti.

Nimetengeneza mashine hizi maisha yangu yote ya kazi, kwanza Homa Bay mjini chini ya Mzee Odero, baadaye katika karakana yangu mwenyewe pale Sori, upande wa Migori. Sasa nimestaafu. Mgongo ulistaafu kwanza, nami nikaufuata. Vijana huja hapa nyumbani kuniuliza mambo ya kazi, na kwa kuwa naona naanza kutoa majibu tofauti kwa swali moja, nimeamua kuandika.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Kwetu ni ng'ombe, mahindi na tumbaku. Nilipofika ziwani sikujua kuogelea, na nimestaafu bado sijui. Wajaluo waliokuwa wateja wangu walilijua jambo hilo na hawakulisema zaidi ya kila siku. Tulizungumza Kiswahili, mimi changu kikivutwa na Kikuria na wao chao kikivutwa na Dholuo, na mashine katikati haikulalamika.

Mzee Odero alinifundisha mambo mengi, mengi kati ya hayo kwa kukaa kimya mpaka nijikwae. Lakini jambo moja alilisema wazi. Kabla ya kushika spana, alimkalisha mteja kwenye gogo na kumuuliza: mashine ilikuwa ikifanya nini ilipozima? Ilizima ghafla kama taa, au ilikohoa kwanza? Na ulifanya nini ikawaka tena? Wateja walidhani anapiga soga kwa sababu hana kazi. Nami nilidhani hivyo, mwaka wa kwanza wote. Kumbe mzee alikuwa ameshaanza kutengeneza. Mashine inayozima kama taa, tafuta moto: plagi, waya, koili. Mashine inayokohoa, ikavuta, ikasita, ikafa, hiyo ina njaa. Tafuta njia ya mafuta. Swali la tatu nilikuwa nikilisahau mara nyingi, kwa sababu lilikuwa la mwisho na mikono ilikuwa inawasha.

Sasa niwaambieni habari ya Mama Beryl.

Mama Beryl alikuwa na boti ndefu ya mbao iliyobeba abiria na mizigo kati ya Sori na visiwa. Kwa miaka mingi iliendeshwa kwa makasia na tanga, na wenzake wenye mashine walimpita wakimpungia mkono. Basi akauza ng'ombe wa marehemu mumewe, akanunua mashine kutoka kwa bwana mmoja aliyepata dhahabu kule Osiri. Bwana huyo alikuwa ameinunua ili awe mvuvi, akagundua kwamba samaki huamka mapema kuliko yeye, akarudi mgodini. Mashine ilikuwa imetumika kidogo, ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, nzuri kabisa. Niliigusa mwenyewe kabla ya kumsalimia muuzaji. Ilikuwa baridi. Niliikagua, nikamwambia Mama Beryl ainunue.

Mnaona basi jina langu lilikuwa limefungwa kwenye mashine hiyo kwa waya.

Mwezi haukuisha. Akarudi nayo, imebebwa nyuma ya pikipiki kama mgonjwa wa malaria. Akasema inakwenda vizuri kutoka ufuoni, inashika mwendo, halafu wakifika maji makubwa inakohoa, inasita, inazima. Wanangoja, wanaivuta kamba, inawaka. Mbele tena, inazima. Nikamuuliza swali la kwanza na la pili. Alinijibu vizuri sana. Nikajua ni njaa, nikafungua kabureta, nikaisafisha mpaka ikang'aa, nikapuliza vijitundu vyote.

Hapo lazima niwaeleze tulivyokuwa tukijaribu mashine. Uani kwangu kulikuwa na pipa lililokatwa juu, limejaa maji. Mashine inaning'inizwa kwenye ubao, mguu unazama majini, unachomeka mpira wa mafuta kutoka kwenye tangi la karakana, unavuta kamba. Ikiwaka na ikakojoa, mteja anatabasamu. Hatukuiacha ikinguruma kwa muda mrefu, kwa sababu ng'ambo ya ukuta palikuwa na mama wa mkahawa, na moshi ulipoingia kwenye chapati zake aliwaambia wateja ni zetu, wazirudishe kwetu. Basi tulizima mapema kwa ajili ya ujirani.

Mashine ya Mama Beryl iliwaka kwenye pipa kwa mvuto wa kwanza. Ilinguruma tamu kabisa. Akaenda nayo. Ikazima katikati ya ziwa.

Alipoirudisha nilibadilisha kile kipande cha mpira ndani ya pampu ya mafuta. Pipani ikanguruma. Ziwani ikazima. Nikabadilisha chujio. Pipani ikanguruma. Niliwasikia watu wa ufuoni wakisema kwamba fundi yule Mkuria ana mashine moja ya kukamua, wenzake wakiwa na ng'ombe wengi. Ukiwa umefungua mashine moja mara tatu huna maneno mengi ya kujitetea.

Safari iliyofuata Mama Beryl hakuja na mashine. Alikuja yeye tu, akasimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni.

"Fundi," akasema, "hii mashine kwako ni mzima. Kwangu ni mgonjwa. Nani kati yetu anaroga?"

Nikamwambia aketi. Hakuketi. Akanieleza kwamba siku ya soko mashine ilizima ikiwa na abiria, upepo ukiwa umeanza, na boti ikasukumwa karibu na miamba. Wanawake wa omena, wale wauza dagaa wa ziwa, walilia, mmoja akaanza kutubu kwa sauti, na wengine wakafahamu mambo ambayo ingekuwa afadhali wasiyafahamu. Hakuna aliyeumia. Lakini kamati ya ufuo ilikuwa imekaa, na uamuzi ulikuwa mfupi. Mwenyekiti angepanda boti hiyo yeye mwenyewe, aende hadi kisiwani na kurudi. Ikizima hata mara moja, boti ya Mama Beryl haitapakia abiria tena. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuuzwa. Boti bila abiria ni kuni.

Nikamuuliza mwenyekiti anapanda lini. Akasema kesho kutwa.

"Basi kesho tunakwenda ziwani," nikasema. "Mimi na wewe na nahodha wako."

Alikaza kanga kiunoni. "Wewe? Utaenda kwa maji?"

Nikasema nitakwenda. Sikuwahi kufanya hivyo katika kazi yangu yote. Mashine zote nilizotengeneza nilizijulia pipani, na pipa lina faida kwamba ukisimama ndani yake maji hayafiki shingoni.

Kesho yake ufuo mzima ulijua. Nilivaa jaketi la kuelea, na la pili nikalishika mkononi. Nahodha wa Mama Beryl alikuwa kijana mtulivu aitwaye Otieno, mtu asiyetumia maneno mawili kama moja linatosha. Aliniweka katikati ya boti, mahali anapowekwa mbuzi. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakaacha kushona.

"Fundi, shika boti," mmoja akaniambia kwa upole. "Boti haiwezi kukushika."

Tukaondoka. Mashine ilinguruma kama ilivyonguruma pipani. Tulipita mawe ya mwisho, maji yakabadilika rangi, nyumba za Sori zikawa ndogo. Mimi nilikuwa natazama mashine tu. Hakukuwa na kitu kingine ambacho nilitamani kukitazama. Uzi wa maji ulitoka vizuri. Nikaanza kufikiri kwamba labda imepona kwa kuniogopa.

Halafu ikakohoa. Ikavuta, ikasita, ikakohoa tena, ikafa. Boti ikaanza kugeuka polepole, upande upande. Mama Beryl alinionyesha mashine kwa kidevu, kama mtu anayekutambulisha kwa mkwe.

Nilikuwa naanza kutoa spana mfukoni Otieno alipofanya jambo ambalo bila shaka alikuwa akilifanya kila mara. Aliinama kwenye tangi lililokuwa karibu na miguu yake, akafungua kifuniko, akachungulia. Kifuniko kilipofunguka nilisikia fyuuu, kama mtu aliyebana pumzi anapoiachia. Otieno akasema, "Mafuta iko." Akafunga kifuniko, akakikaza kwa nguvu, akavuta kamba. Mashine ikawaka.

Nikamwambia aizime.

Otieno alinitazama, akamtazama Mama Beryl. Kuzima mashine inayowaka, katikati ya ziwa, kwa amri ya mtu aliyevaa jaketi moja na kukumbatia jingine, si jambo dogo. Mama Beryl akatikisa kichwa kukubali. Otieno akazima.

Sasa vijana sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo. Tangi la mafuta la boti lina kifuniko, na juu ya kifuniko kuna skurubu ndogo ya kuzungusha kwa vidole. Watu wengi hudhani ni pambo. Ile ni pua ya tangi. Mashine inaponyonya mafuta, lazima hewa iingie kujaza nafasi yaliyoiacha. Ukinyonya soda kwenye chupa huku midomo yako imeziba mdomo wa chupa, mwisho soda inakataa kuja. Skurubu ikikazwa, mashine inanyonya, inanyonya, mpaka tangi linanyonya nalo. Mafuta yamejaa na mashine inakufa njaa. Ukifungua kifuniko kuchungulia, hewa inaingia kwa mkupuo, njaa inaisha, mashine inawaka. Ukikikaza tena, umeanza safari nyingine ya kuzima.

Nilishika mpira wa mafuta. Katikati yake kuna kile kifundo cha kufinyia mafuta, kikubwa kama yai la bata. Kilipaswa kuwa kigumu. Kilikuwa kinaanza kunywea. Nikalegeza skurubu ya kifuniko, nikafinya kifundo mpaka kikajaa, nikamwambia Otieno awashe na aende moja kwa moja, asisimame mpaka nimwambie.

Tukaenda. Tulipita mahali ilipozimia. Tukaendelea. Kisiwa kilichokuwa kama kofia kikawa na miti, kisha miti ikawa na ndege. Haikukohoa. Nilimwambia Otieno ageuze, tukarudi, haikukohoa. Hakuna aliyezungumza, nadhani kila mmoja alihofia kuishtua.

Tulipokaribia Sori nilimuuliza Mama Beryl ni nani aliyekaza skurubu ile. Akasema ni yeye aliyeagiza. Wanunuzi wa omena walikuwa wamelalamika kwamba omena yake inanuka petroli, na hakuna anayenunua omena ya kunuka petroli hata umbembeleze vipi. Ndipo akamwambia Otieno kila kitu juu ya tangi kikazwe, kikazwe kabisa. Otieno ni mtu wa kutii.

Nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni. Mashine umeniletea mara tatu. Kwa nini hujawahi kuniletea tangi?

Mama Beryl akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Tangi nikuletee wewe?" akasema. "Na petroli ndani?"

Otieno akageuza uso akatazama maji.

Alisema kweli. Katika ufuo wetu wote hiyo ndiyo iliyokuwa desturi: mteja akipeleka mashine kwa fundi, anapeleka mashine tupu. Tangi na mpira wake vinabaki nyumbani chini ya kitanda. Petroli ikiingia karakana hairudi kama ilivyokwenda. Fundi anaoshea vipuri, anaoshea mikono, anamwonjesha jirani wa pikipiki. Hakuna aliyeiita wizi, iliitwa kazi. Na sisi mafundi tuliizoea desturi hiyo hata tukasahau kwamba imetokana na sisi. Tulikuwa na tangi letu la karakana, kuukuu, lililopoteza kifuniko zamani na kuzibwa kwa kitambaa. Kitambaa kinapitisha hewa. Kila mashine iliyokuja kwangu na ugonjwa wa tangi, niliitibu kwa tangi langu mimi, ikapona papo hapo, nikairudisha nyumbani kwa tangi lililokuwa likiiua. Hawakutuamini na petroli, na kwa hiyo ugonjwa wenyewe haukufika kamwe kwa daktari.

Tulishuka, mimi nikiwa wa kwanza. Tulihamisha mahali pa magunia ya omena, yakaenda mbele ya boti, na tangi likabaki nyuma kabisa na ubao katikati. Harufu ikafuata upepo wake, omena wakabaki na yao.

Mwenyekiti wa kamati alipanda kesho yake. Alikuwa mzee mkavu, Msabato, mtu asiyependa kupoteza tabasamu. Alikaa katikati, mahali pangu pale pa mbuzi, fimbo kati ya magoti. Sikupanda. Nilikuwa nimemaliza safari zangu za ziwani. Nilisimama ufuoni pamoja na Mama Beryl tukiangalia boti ikipungua mpaka ikawa nukta, kisha nukta nayo ikaondoka. Alikuwa akifungua na kufunga fundo la kanga yake. Mimi nilikuwa nikisikiliza. Maji hupeleka sauti mbali, na mlio wa mashine ukikatika unaujua hata kabla hujajua kwamba unausikiliza.

Haukukatika. Ulikwenda mpaka ukaisha wenyewe kwa umbali. Baada ya muda mrefu ukarudi, mwembamba, halafu mnene, halafu boti.

Mwenyekiti alishuka, akakung'uta suruali, akasimama mbele ya Mama Beryl.

"Haikuzima," akasema. Akafikiri kidogo, ili asipungukiwe na haki. "Siku ya soko, pakieni."

Mama Beryl alikaa chini mchangani. Hakulia wala hakucheka. Alikaa tu, kama mtu aliyetua mzigo na bado shingo haijaamini.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mashine nyingi mpya hazichanganyiwi oili, haziachi moshi, na mama wa mkahawa angezipenda. Mnanitumia sauti ya mashine kwenye simu mkitaka niutambue ugonjwa wake. Nasikiliza kwa furaha, lakini simu ni kama lile pipa langu: inaleta mashine, haileti tangi. Uliza kwanza. Uliza mpaka swali la tatu. Na ukiwa mteja, chagua fundi anayeuliza kabla ya kufungua, anayekurudishia kipuri cha zamani mkononi, na anayekubali kuja hadi majini, hata kama itabidi mumbebe.

Mwaka uliofuata Mama Beryl alileta mashine kwa usafi wa kawaida. Nyuma ya pikipiki kulikuwa na mashine, na juu ya mapaja ya Otieno kulikuwa na tangi, limejaa. Mama Beryl aliliweka mlangoni, hakulifunga kwa kufuli, hakuliweka alama. Akaenda sokoni.

Aliporudi jioni alifungua kifuniko na kuchungulia kwa muda mrefu. Nilianza kumweleza kwamba tuliingurumisha sana pipani, kwa petroli yake, kwa tangi lake, mpaka chapati za jirani zikarudishwa.

"Imepungua," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akafunga kifuniko, akalegeza skurubu kwa vidole viwili, akampa Otieno abebe.

"Ningeikuta imejaa," akasema, "ningekuuliza ulikuwa unafanya nini siku nzima."